Dagaa wa Nyumbani

Shule niliyokuwa nikifundisha pale Gungu, mjini Kigoma, ilifungwa katikati ya muhula. Mwenye shule alituita walimu wote ofisini kwake, akasema wanafunzi wamekwisha, wazazi hawalipi, na yeye hawezi kuendelea kulisha watu wazima. Ndivyo alivyosema, kulisha. Kisha akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nyie ni wasomi. Jiajirini." Tulipokuwa tunatoka nilimwona akifunga droo ya meza yake kwa ufunguo, kana kwamba tungerudi kuiba chaki. Haikupita miezi mingi darasa langu likawa chumba cha kulala wageni. Nilipita pale siku moja, dirisha liko wazi, nikaona kitanda kimesukumwa chini ya ubao, na ubaoni bado kuna tarehe kwa mwandiko wangu. Nilitema mate chini, nikaondoka.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyenipeleka kwenye semina ya ujasiriamali. Semina hizo zilikuwa kila kona wakati ule. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye suti iliyombana, na alituamuru tusimame, tupige makofi, tuseme kwa sauti kwamba sisi ni mabosi. Wanawake wazima, wengine wenye wajukuu, tulisimama kwenye ukumbi wenye joto tukasema sisi ni mabosi. Niliona aibu mpaka shingo ikawa ya moto. Wifi yangu hakuona aibu. Alipiga makofi kuliko wote, na tulipotoka nje akanishika mkono.

"Wifi," akasema, "wewe una kalamu, mimi nina mdomo. Tunangoja nini?"

Ni kweli alikuwa na mdomo. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza vitenge Ujiji, anavifuata Bujumbura na ng'ambo ya ziwa, na aliweza kumuuzia mtu kitenge ambacho mtu huyo ameshakikataa mara tatu. Alikuwa mjane, anaishi na wanawe na mama mkwe wangu kwenye nyumba ya familia, nyumba kubwa ya zamani yenye ua katikati na vyumba vya nyuma visivyotumika. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga Gungu. Nilimpenda wifi yangu. Ninalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yatamfanya msomaji adhani nilimchukia tangu mwanzo.

Tulichagua dagaa. Hakuna mtu anayeondoka Kigoma bila dagaa, na hakuna ndugu wa Dar es Salaam au Dodoma asiyeagiza dagaa. Lakini ukiwauliza watakwambia jambo moja: watamu, ila wana mchanga. Basi sisi tungeuza dagaa wasio na mchanga, waliochambuliwa, kwenye mifuko safi iliyobanwa kwa mashine, yenye lebo. Hilo lilikuwa wazo langu, na nililionea fahari kama mtu aliyevumbua kitu.

Tulikuwa tunanunua kwa bibi mmoja pale Kibirizi, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo kabla hajazaliwa. Wengi pale ufukweni wanaanika dagaa chini, juu ya mchanga. Yule bibi alikuwa na vichanja vya miti vilivyotandikwa nyavu, virefu hadi kifuani, na mbwa au kuku akikaribia alimrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Dagaa wake walikauka wakiwa wamenyooka, weupe, wanang'aa kama sindano. Niliwabeba hadi nyumbani, nikakaa kwenye mkeka uani, nikachambua mmoja mmoja. Nilitoa vijiti, nilitoa magamba, nilitoa visamaki vingine vilivyojichanganya. Nikipata punje ya mchanga nilijisikia kama nimemfumania mwanafunzi akiibia mtihani.

Lebo niliiandika mwenyewe. Ilikuwa na picha ya ziwa, maneno "safi, wamekaushwa kichanjani", na namba yangu ya simu. Wateja walipatikana kwa simu, mmoja akimwambia mwenzake. Wengi walikuwa akina mama wenye watoto wadogo, wanaosaga dagaa na kuchanganya kwenye unga wa uji. Walinitumia picha za watoto wao wamepakwa uji mpaka masikioni. Nilizihifadhi picha hizo. Jioni nilimwonyesha mume wangu, naye alisema, "Umepata darasa jipya."

Mwaka wa kwanza ulikwenda hivyo. Mzigo uliondoka na mabasi, mwingine na treni, na wifi yangu alikwenda huku na huko, akiongea na wenye maduka, akiongea na madereva, akiongea na maofisa. Biashara ilipokua akaniambia nisihangaike tena kwenda Kibirizi. Yeye angenunua, angehifadhi kwenye chumba cha nyuma kule Ujiji, na mimi ningeletewa waliochambuliwa tayari na akina mama aliowaajiri kwa siku. Kazi yangu ingekuwa kupima, kubana mifuko, kubandika lebo na kujibu wateja. Nilikubali. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinama, na kusema kweli nilipenda kuitwa mkurugenzi.

Miezi kadhaa baadaye ikaja habari ya kufungwa kwa ziwa. Kwa miezi mitatu wavuvi wasingeingia ziwani, ili samaki wapate kuzaliana. Kila mfanyabiashara wa dagaa alianza kurundika. Wifi yangu alirundika kuliko wengine. Chumba cha nyuma kilijaa viroba mpaka darini, akafungua cha pili, akaweka hata kwenye chumba alichokuwa akilala marehemu baba mkwe. Nilimuuliza kama watakaa muda wote huo bila kuharibika.

"Dagaa mkavu ni kama msumari," akanijibu.

Dagaa mkavu si msumari. Kwenye wiki ya tano ya kufungwa kwa ziwa nililetewa kiroba, nikakimimina kwenye sinia, na nusu yake ilikuwa unga. Katikati ya unga ule vilitembea vidudu vyeusi vidogo, na funza wao wenye manyoya, wanajikunja na kujikunjua. Niliinua dagaa mmoja, akavunjika vidoleni kwa sababu ndani hakukuwa na kitu, lilikuwa ganda tu. Nilisikia kichefuchefu, lakini kilikuwa cha kawaida, cha mtu aliyeona wadudu kwenye chakula. Nilichukua bodaboda hadi Ujiji, nikamwambia wifi yangu tuwatoe wote nje, tuwapepete, tuwaanike upya, waliooza tuwauzie wafugaji wa kuku.

Alinisikiliza akiwa anakunja vitenge. Akasema, "Wewe shughulika na lebo na wateja. Stoo niachie mimi."

Wiki iliyofuata dagaa walikuja safi. Hakuna unga, hakuna mdudu hata mmoja. Nilishangaa na nikafurahi, na sikuuliza. Niliona jambo jingine pia, nikalipuuza. Nilikuwa nimekaa uani saa sita mchana, jua kali, sinia zima la dagaa mbele yangu, na hakuna nzi. Kule kwetu nzi wanafuata hata karatasi iliyofungiwa samaki jana. Siku ile walipita juu, wakageuza, wakaenda kwenye maganda ya ndizi ya jirani. Nilijiambia ni kwa sababu ya usafi.

Wiki zile zile wifi yangu alianza kuniletea ndoo ndogo yenye mfuniko, ya mboga yetu. Aliituma kwa bodaboda au aliileta mwenyewe. "Hawa ni wa nyumbani," alisema. "Usiwachanganye na wa mifuko." Nilidhani ananikumbusha nisile mtaji. Niliona ni upendo. Nilipika, mume wangu akala, mimi nikala, tukamshukuru.

Wateja walianza kulalamika. Mmoja aliandika kwamba dagaa wana uchungu. Mwingine akasema ulimi unamchoma, kisha unakufa ganzi. Wa tatu, mwenye duka Dodoma, alisema wana harufu kama ya bustani iliyopuliziwa. Niliwajibu wote. Nilikuwa mwalimu, najua kuandika. Niliandika hivi, na ninanukuu maneno yangu mwenyewe kwa sababu bado yamo kwenye simu: "Hiyo ni ladha asilia ya dagaa halisi wa Ziwa Tanganyika. Ambaye hajazoea anaweza kuona tofauti kidogo mwanzoni." Nikaweka na alama ya tabasamu.

Hilo ndilo linalonitapisha mpaka leo. Wakati ule nilikuwa sijaona chochote kwa macho, lakini mkono ulioandika ulijua kuna kitu na haukutaka kukijua.

Siku niliyoona ilikuwa siku ya kawaida. Mifuko iliniishia, na wifi yangu hakupokea simu, nikaamua kwenda kuchukua mingine mwenyewe. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Mama mkwe alikuwa amelala. Nilipita sebuleni, nikatokea uani, na nikasimama.

Turubai la bluu lilikuwa limetandikwa ua mzima, na juu yake dagaa wamesambazwa unene wa kidole. Wifi yangu alikuwa amebeba bomba mgongoni, lile wanalopulizia pamba na nyanya. Alikuwa amejifunga kanga puani na mdomoni, amevaa mabuti ya marehemu mume wake. Mkono mmoja ulipampu, mwingine ulishika mrija, na alitembea taratibu mstari kwa mstari, kama mtu anayemwagilia bustani anayoipenda. Ukungu ulishuka juu ya dagaa. Walilowa kidogo, waking'aa. Kando ya ukuta kulikuwa na chupa yenye picha ya mdudu aliyelala chali.

Ile harufu niliijua. Ilikuwa imekaa kwenye vidole vyangu wiki kadhaa, nikidhani ni ya mifuko mipya.

Nilimwita. Hakusikia kwa sababu ya kanga na sauti ya pampu. Nikamwita tena kwa nguvu. Aligeuka, akashusha kanga, na alichofanya kwanza ni kutabasamu.

"Ungenipigia, wifi."

"Unafanya nini?"

"Si unaona? Nafukuza wadudu."

"Hiyo ni sumu."

"Ni dawa."

"Wifi, hiyo ni sumu ya nyanya. Watu wanakula hawa."

Akatua bomba chini, akafuta jasho. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu aliyeingiliwa kazini. "Mahindi unayokula yamepigwa dawa," akasema. "Maharage yamepigwa dawa. Nyanya zimepigwa wiki hii, zinachumwa wiki hii, unazila. Dagaa wana nini? Mtu atawaosha, atawachemsha, itaondoka."

"Wanaowasagia watoto hawawaoshi. Wanawasaga wakavu hivyo hivyo."

"Hiyo ni shauri yao. Lebo haijasema wasage."

Lebo niliiandika mimi. Jicho langu likaangukia kwenye kibaraza. Palikuwa na ndoo zangu ndogo mbili zenye mifuniko, zimewekwa juu ya kiti, mbali na turubai. Nilizielekezea kidole.

"Na hizo?"

"Hizo ni zetu," akajibu haraka, kwa namna ya kunituliza. "Wa nyumbani. Hao siwagusi, wallahi. Hao nawachambua mwenyewe. Kwani wewe ulidhani naweza kumlisha mdogo wangu kitu kama hiki?"

Alisema vile kwa upendo. Ninataka ieleweke hivyo. Alikuwa anataka nishukuru. Nilimtazama usoni, uso ule ule uliokaa nami hospitali siku tatu nilipopoteza mimba. Nilitapika pale pale kwenye mfereji wa uani, mara mbili, mara tatu, mpaka ikabaki nyongo. Kilichotoka walikuwa dagaa. Nilikuwa nimewala asubuhi na muhogo, wale safi, wa nyumbani. Yeye akanishika mgongo na mkono uliokuwa umeshika mrija.

Nilimpiga ule mkono. Nikapiga kelele ambazo majirani walizisikia mpaka barabarani. Nilimwita muuaji. Mama mkwe aliamka, akatoka amejitanda kanga, akauliza nani amekufa.

Mume wangu nilimweleza jioni. Nilitegemea ainuke aende Ujiji. Badala yake aliniuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Hujaniuliza kama watu wamedhurika."

"Nimekuuliza umemwambia nani."

Siku mbili baadaye tuliitwa Ujiji. Kikao kilikuwa sebuleni: mama mkwe, mume wangu, wifi yangu na mjomba wao mmoja aliyeletwa kuongoza mazungumzo. Niliamkia, "Shikamoo mama," na mama akaitikia bila kunitazama. Mjomba alisema maneno mengi kuhusu heshima ya nyumba. Nilianza kufahamu kwamba kosa linalojadiliwa ni langu. Nilimtukana mkubwa wangu. Nilimpiga mkono. Nilipaza sauti majirani wakasikia. Hakuna aliyetaja bomba.

Kwenye meza ya chini palikuwa na mifuko mitatu yenye lebo yetu, imewekwa ya kumpa mjomba akiondoka, kama ilivyokuwa desturi yetu kwa kila mgeni. Mtoto wa mwisho wa wifi yangu, binti wa miaka minne, alikuwa anacheza miguuni mwetu. Watoto wa Ujiji hula dagaa wakavu kama njugu. Aliuchukua mfuko mmoja, akauweka mdomoni, akaanza kuutoboa kwa meno.

Wifi yangu aliruka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye magoti mabovu, anayeinuka kwenye kiti kwa kusaidiwa, lakini aliruka juu ya miguu ya mjomba na kuunyakua mfuko ule mpaka mtoto akaanguka. Akamfuta midomo kwa kanga, nje na ndani, akimwambia, "Tema! Tema, nasema!" Mtoto akalia. Wote tulikuwa tunatazama. Wifi yangu akauficha mfuko chini ya mto wa kochi na kuukalia.

Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anaangalia saa. Mama mkwe akakohoa, akamwambia mjomba, "Endelea, kaka." Naye mjomba akaendelea. Aliendelea! Akarudi pale pale kwenye heshima ya nyumba. Alipomaliza aliniambia nimwombe radhi wifi yangu. Alipoondoka aliwaacha wale wa mezani, akaondoka na ndoo ndogo yenye mfuniko.

Sikuomba radhi. Nilitembea kwa miguu kutoka Ujiji mpaka Gungu kwa sababu sikutaka mtu yeyote anikalie karibu.

Nilikwenda pia kwenye ofisi moja. Sitaitaja. Ofisa aliyenipokea nilimfahamu, alikuwa amewahi kufika kututembelea na kuondoka na mifuko. Alinisikiliza akiwa na kalamu mkononi bila kuandika hata herufi moja.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "namba ya simu kwenye ile lebo ni ya nani?"

"Yangu."

"Na jina la biashara limeandikishwa kwa nani?"

"Kwa wote wawili."

"Basi faili likifunguliwa, linawafungukia wote wawili." Akaweka kalamu mezani. "Kaeni mlimalize kifamilia." Nilipofika mlangoni akaniita. Nilidhani amebadili mawazo. Akasema, akicheka kidogo, "Ila mkipata wale wa zamani, wa kichanjani, msitusahau."

Basi nikafanya kilichokuwa ndani ya uwezo wangu. Nilikaa na simu siku nzima, nikamwandikia kila mteja mmoja mmoja. Sikutaka ujumbe wa pamoja. Niliandika kwamba dagaa waliotoka kwetu tangu ziwa lifungwe wamepuliziwa sumu ya wadudu, wasile, wasimpe mtoto, wasimpe paka, watupe. Na kwamba yale niliyowajibu kuhusu ladha asilia hayakuwa kweli.

Wengine hawakujibu. Wengine walinitukana, na nilistahili. Mwenye duka wa Dodoma aliandika, "Dada, nilijua. Mwambie tu wifi yako apunguze dawa." Mwingine aliuliza kama waliobaki anaweza kuwapata kwa bei ya kutupa, ana mtu anatengeneza chakula cha kuku. Nilimjibu kwamba kuku naye analiwa. Akanitumia kicheko. Niliosha simu ile kwa spiriti, kitendo cha kijinga, lakini niliosha.

Halafu kulikuwa na mama mmoja wa Dar es Salaam, aliyewahi kunitumia picha ya mtoto wake wa miezi minane. Alinipigia. Hakupandisha sauti. Alisema mtoto ameharisha wiki tatu, wamemzungusha hospitali, wamepima kila kitu, hawajaona ugonjwa. Akaniuliza sumu hiyo inaitwaje ili amwambie daktari. Nikamwambia asubiri. Nilimtumia ujumbe wifi yangu, nikimsihi anitajie jina lililoandikwa kwenye chupa, nikaeleza kwamba kuna mtoto. Niliona ameusoma. Hakujibu. Nilipanda bodaboda hadi Ujiji, nikakuta lango limefungwa kwa ndani, na mama mkwe akaniambia kupitia lango kwamba hakuna mtu. Jalalani nyuma ya nyumba nilitafuta chupa kwa mikono yangu, kati ya maganda ya muhogo na nepi za watoto, mpaka nikaipata, lebo imebanduliwa nusu. Nikapiga picha herufi zilizobaki, nikamtumia yule mama.

Alijibu, "Asante." Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena kwangu. Sijui mtoto alikuwaje. Sijui kama ni dagaa au ni kitu kingine. Nimejaribu kupiga kwa simu za watu wengine, nayo inaita mpaka inakatika.

Nilikwenda Kibirizi kumwona yule bibi wa vichanja, nikitaka kumweleza kabla hajasikia kwa watu. Ziwa lilikuwa limefunguliwa, vichanja vyake vimejaa. Alinisikiliza, akiendelea kugeuza dagaa.

"Lakini wifi yako aliacha kununua kwangu zamani, mama," akasema kwa lafudhi yake ya ng'ambo. "Mwaka muzima. Alikuwa ananunua ile ya pale, ya muchanga, ya bei ya chakula ya kuku. Anaipeleka kuosha. Miye nilizani unajua."

Mwaka mzima. Kwenye lebo niliendelea kuandika kichanjani, na nilikuwa nimekaa na wale dagaa mapajani, nimewapima, nimewabania mifuko, mimi niliyejisifu kwamba naijua punje ya mchanga. Nilipokuwa naondoka bibi alitaka kunipa wa mboga, kwenye gazeti. Nilimshukuru, nikamwambia siwezi. Hakukasirika.

Wifi yangu hakupata hasara. Alibadilisha jina la biashara, akachapisha lebo nyingine yenye rangi nyingi kuliko yangu, akaweka namba yake. Amekodi stoo kubwa karibu na barabara ya Mwandiga. Kwenye maonyesho ya wajasiriamali alipewa cheti na akapigwa picha amekishika, na mgeni rasmi pembeni yake anatafuna dagaa kutoka kwenye mfuko, akitabasamu kwa kamera. Nilitumiwa picha hiyo na watu watano. Hata mume wangu alinionyesha, akidhani nimeshasahau, au akitaka nisahau. Bado tunaishi pamoja. Siku moja alirudi na mfuko mmoja wa dada yake, akauweka kabatini bila kusema. Nilimwaga chooni, nikaosha kabati. Hajaleta tena, na hatujazungumza kuhusu hilo.

Mimi sasa nina meza Mwandiga, sokoni, nauza mchicha, bamia na nyanya chungu ninazozifuata mwenyewe mashambani upande wa Kidahwe, kwa wakulima ninaowauliza maswali mengi mpaka wananichoka. Si biashara ya kupewa cheti. Majani yakinyauka yananyauka mbele ya mteja, na mdudu akiwepo anaonekana.

Juma lililopita gari dogo jeupe lilisimama karibu na meza yangu. Wifi yangu alishuka kwa kusaidiwa, amependeza, amejifukiza udi.

"Wifi, za siku?"

"Nzuri, wifi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Presha tu inamsumbua. Na huku?"

"Tupo."

Akasifu mchicha wangu. Akachagua mafungu manne, akauliza nimeutoa wapi na kama haujapigwa dawa. Aliuliza vile akinitazama machoni, bila haya yoyote, kama mteja mwingine yeyote mwenye watoto nyumbani. Nikamwambia haujapigwa. Alinyoosha mkono kuniaga, nami nikaupokea, kwa sababu ni dada wa mume wangu na soko zima linatazama. Ulikuwa laini, wa joto, umepakwa mafuta mazuri. Gari lilipoondoka nilichukua dumu la maji ninayonyunyizia mboga, nikanawa mpaka kwenye kiwiko, na maji yalipoisha nikamwomba jirani ya kwake.